Vyura madume: Januari kimya kabisa, mvua ikianguka tu kelele usiku kucha. Ni homoni ama ni nini?

Baba Nekesa (Tororo):
Jamani habari zenu, hasa nyie mliokaa na bayolojia mkaielewa, mimi nilikimbia mapema. Nina mabwawa mawili ya kambale nyuma ya nyumba, upande wa kinamasi kama unaenda Malaba, na tangu mvua ya kwanza inyeshe wiki jana hatujalala. Kinachonishangaza ni kwamba toka Krismasi mpaka mwanzo wa Machi hukusikia hata mmoja, kimya kama vile wote walihamia Kenya, halafu ikanyesha usiku mmoja tu na kesho yake saa mbili usiku kinamasi chote kimelipuka. Sasa hawa watu kalenda wanaitoa wapi?

Binti yangu yuko S5, Januari walipasua chura shuleni akaja na mchoro, anasema dume alikuwa na vitu viwili vya njano kama maharage madogo juu ya figo na pembeni yake vidole vidole vya njano vimejaa, ananiambia baba hiyo yote inaendeshwa na homoni. Mimi nikamuuliza homoni inajuaje mvua imenyesha, akacheka akaenda zake. Jirani yangu naye amenihakikishia wanaolia ni majike wana uchungu wa kuzaa, sikubishana nae kwa sababu tulikuwa msibani.

Swali lenye pesa ndani yake ni hili. Mwaka jana Aprili niliweka vifaranga 3,000 vya kambale, nilipovua sikufika 400, na wenzangu wanasema vyura ndio waliokula. Kama kuna njia ya kujua watazaa lini nipange mambo yangu mapema nitashukuru. Na mwisho (msicheke) juzi asubuhi nimekuta chura amemkumbatia ngege aliyekufa, amemshika kwelikweli mpaka nilitumia kijiti kumtoa. Hiyo nayo ni homoni?

Kijana wa Steji:
Mzee huyo chura usimhukumu, njaa ya mapenzi haina macho 😂😂

Mwalimu wa Bayo (Jinja):
Baba Nekesa, binti yako ana jibu ila alikosa uvumilivu. Ngoja nijaribu.

Kwanza jirani mwambie pole pole, wanaolia ni madume. Jike karibu wote ni wanyamavu, yeye anakuja kusikiliza na kuchagua. Ukiona kifuko cha chini ya koo kinavimba kama puto, huyo ni dume, ingawa wale vyura laini wa majini wenye kucha miguuni, ambao najua kwako wamejaa, wao hawana kifuko na wanalilia chini ya maji kwa mlio kama wa kugonga gonga.

Sasa hiyo homoni. Mnyororo unaanzia kwenye ubongo, sehemu ya chini inaitwa haipothalamasi, inatoa homoni ya kwanza kwa kifupi GnRH, hiyo inaenda kugonga mlango wa tezi ya pituitari iliyo hapo chini yake, pituitari nayo inamwaga homoni nyingine mbili, LH na FSH, kwenye damu, damu inazipeleka mpaka kwenye hayo maharage ya njano ambayo ndiyo korodani. Chura hana za kuning'inia, zake ziko ndani zimelalia figo, na mbegu zake kwa vyura wengi zinapitia humohumo kwenye figo kabla ya kutoka nje. Korodani zikipata amri zinatengeneza mbegu na zinatengeneza testosteroni na ndugu yake mwenye nguvu zaidi, DHT. Hizi mbili ndizo zinazombadilisha dume mwili mzima, mikono ya mbele inajaa misuli ya kushikia jike, na kwenye kidole gumba kinatokea kiraka kigumu, mara nyingi cheusi, ukikipapasa kinakwaruza kama msasa. Kiraka hicho ni cha kumzuia asiteleze maana jike amelowa na yeye amelowa. Mkamate dume usiku huu uangalie gumba, halafu rudi kiangazi uangalie tena, utaona kimefifia. Ukimhasi dume kiraka kinasinyaa, ukimrudishia testosteroni kinarudi, watu wamelifanya hilo jaribio mara nyingi tu.

Ile mikono ndiyo iliyomkamata ngege wako. Dume akishapanda kiwango hachagui sana, anakumbatia kinachopita kwanza halafu maswali baadaye. Akimshika dume mwenzake yule anatoa mlio mfupi wa "niachie", anaachiwa. Sasa ngege aliyekufa atasema nini?

Vile vidole vya njano ni mafuta, ni ghala yake. Januari vilikuwa vimejaa kwa sababu alikula vizuri mvua za Septemba mpaka Novemba. Mimi kila mwaka nawapasulia wanafunzi, wale wa mwisho wa Mei vidole vyao vimekonda kama uzi. Wamelia mpaka wamemaliza akiba.

Baba Nekesa:
Mwalimu asante sana, nimemsomea Nekesa yote, amefurahi lakini ameleta kipingamizi. Kitabu chao kinasema wanyama wanajua msimu kwa urefu wa mchana, mchana ukirefuka homoni zinapanda. Kwetu hapa jua linachomoza saa ile ile mwaka mzima, hiyo inakuwaje?

Mwalimu wa Bayo (Jinja):
Mpe huyo mtoto soda kwa niaba yangu. Ndiyo hasa ninachopigana nacho darasani, vitabu vingi vinaeleza chura wa Ulaya halafu sisi tunakariri kama vile tunaishi huko.

Chura wa Ulaya ana winta. Yule wa kahawia wa kule anatengeneza mbegu zake wakati wa joto, akifika kipindi cha baridi korodani zimeshafunga kazi, analala na mbegu tayari kifuani (nasema kifuani kwa mfano, mko nyie mnaopenda kunishika maneno), barafu ikiyeyuka anatoka anakimbilia majini, siku chache mambo yamekwisha. Kiwanda chake kinafungwa kabisa na ukimweka kwenye joto hakifunguki kirahisi. Wapo wengine hukohuko ambao kiwanda kinasimama kwa sababu ya baridi tu, ukiwapasha moto kinaanza tena.

Tororo iko karibu kabisa na ikweta, kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni tofauti ya dakika chache tu. Chura akitegemea hiyo atangoja mpaka kiama. Vyura wengi wa nchi zetu za joto wana mbegu mwaka mzima, kiwanda hakifungwi, kinapunguza tu mwendo. Kwa hiyo usifikiri mvua ndiyo inaanza kutengeneza mbegu usiku ule, haiwezekani, mbegu inachukua wiki nyingi. Mvua inakuta gari limeshawekwa mafuta, yenyewe inageuza ufunguo. Maji yakijaa, hewa ikiwa na unyevu, wadudu wa kula wakiongezeka, ubongo unaachia GnRH, LH inapanda kwa haraka, na dume anaondoka alikojificha kwenda majini.

Halafu kuna kitu kizuri sana. Dume akisikia wenzake wanalia, homoni zake zinapanda kwa kusikia tu. Kwa chura wa miti wa kijani wa Marekani walijaribu, waliosikilizishwa mlio wa kundi usiku kwa usiku androjeni, yaani homoni za kiume kama testosteroni, zilikuwa juu kuliko za waliosikilizishwa kelele za kawaida. Ndio maana kinamasi chako kililipuka kwa pamoja, wawili watatu walianza wakawasha wengine. Kama wapiga vuvuzela tu.

Mzee wa Maabara (Mbale):
Salaam. Nimestaafu lakini mada hii imeniamsha. Mwalimu amesema vizuri ila naomba nimrekebishe padogo, maana wengi watatoka hapa wakidhani testosteroni juu = kelele juu. Siyo hivyo. Testosteroni ni lazima iwepo lakini peke yake haitoshi. Dume aliyehasiwa ukimdunga testosteroni tu, mara nyingi gumba litarudi lakini sauti inaweza isirudi. Kuna homoni nyingine ya ubongo inaitwa vasotosini, ukimdunga dume aliye tayari anaanza kulia au anaongeza kulia. Na tazama maajabu, hiyo hiyo vasotosini ndiyo inayomsaidia chura kutunza maji mwilini asikauke. Yaani kemikali moja, kazi ya maji na kazi ya kuita jike.

Tena Wataliano walipima damu ya chura wao wa kijani mwezi hadi mwezi, wakakuta dume testosteroni iko juu kabla, halafu majira ya kuzaana yakiendelea inashuka na estradioli inapanda. Estradioli tumezoea kuiita ya kike. Kwa hiyo dume anaandaliwa mapema, akiwa kwenye shughuli yenyewe vipimo vinaweza kuwa vinashuka. Ukienda na sindano yako usiku wa kelele ukakuta namba ndogo usishangae.

Sasa nije kwa hadithi ya kazi yetu. Mzee aliyenifundisha maabara, Mungu amrehemu, alikuwa anatuambia zamani kipimo cha mimba kilikuwa chura. Vijana mnacheka lakini ni kweli. Kwanza alitumika yule jike wa majini mwenye kucha, baada ya Hogben, Mwingereza aliyekuwa Cape Town, kuona kwamba jike huyo anataga akidungwa vitu vya pituitari. Ukimdunga mkojo wa mama mjamzito anataga mayai ndani ya masaa. Baadaye mwaka 1947 daktari wa Argentina, Galli Mainini, akasema kwa nini tungoje mayai, akachukua chura DUME, akamdunga mkojo chini ya ngozi ya mgongo, na baada ya masaa kama matatu akavuta tone la majimaji nyuma, akaweka kwenye darubini. Mbegu zikionekana zinaogelea, mama ana mimba. Hazipo, hana. Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu homoni ya mimba ya binadamu, hCG, inafanana na LH kiasi kwamba korodani za chura zinadanganyika, zinafikiri pituitari imeamuru, zinaachia mbegu. Na dume huyo huyo unampumzisha siku kadhaa unamtumia tena.

Kwa hiyo Baba Nekesa, mvua yako na mkojo wa mjamzito vinagonga mlango mmoja.

Kijana wa Steji:
Mzee wa Maabara naomba urudie hapo pa mkojo, niko na abiria nimemsomea hataki kushuka 😂

Mama Hatchari (Busia):
Mimi nazalisha vifaranga vya kambale na ngege, ngoja niongee lugha ya Baba Nekesa. Kaka, ile sindano tunayomdunga kambale jike jioni ili asubuhi tumkamue mayai, ndiyo mnyororo huohuo aliousema mwalimu. Zamani tulikuwa tunakata kichwa cha kambale, tunatoa kale katezi ka pituitari kadogo kama punje ya ulezi, tunasaga na maji ya chumvi tunadunga, siku hizi wengi wananunua ya kiwandani iliyotengenezwa kwa mfano wa GnRH. Na dawa za aina hiyo wanaofuga vyura wa kulinda wasitoweke wanazitumia pia, mpaka kwa madume, ili watoe mbegu bila kungoja mvua. Tofauti ni kwamba kambale dume hakamuliki, inabidi umchinje utoe korodani, chura dume yeye anadungwa anatoa kwenye majimaji yake anabaki mzima. Namwonea wivu chura kwa niaba ya kambale wangu wote niliowachinja.

Kuhusu vifaranga wako: ndiyo, vyura wanakula, hasa wale wa majini wenye kucha, wale ni majambazi, na wale wakubwa wanaokaa ukingoni. Bwawa jipya lililojazwa maji mwanzo wa mvua kwa chura ni paradiso, halina samaki wakubwa, lina maji mapya, ulimkaribisha wewe mwenyewe. Aprili yako ulifungua hoteli. Fanya hivi, zungushia bwawa la vifaranga mabati ya kusimama, kimo cha goti kinatosha kwa wengi, chini uyafukie kidogo wasipite, au neti yenye matundu madogo. Jaza maji siku chache tu kabla ya kuweka vifaranga, usiache maji yakae wiki tatu yanangoja. Na kila asubuhi baada ya usiku wa kelele zunguka ukingo, ukiona mkufu mrefu kama uzi wenye punje nyeusi umezungushiwa majani hayo ni mayai ya chura wa nchi kavu, toa na reki. Mafungu yanayoelea kama ute ni ya wale wengine. Usingoje, mayai yao hayakai, siku mbili tatu ni ndubwi tayari.

Baba Nekesa:
Dada umenigusa penye kidonda, kweli nilijaza maji mwanzo wa Machi nikaweka vifaranga katikati ya Aprili. Mabati yapo, ya choo cha zamani. Lakini kuna mtu hapa kijijini ameniambia njia rahisi ni kunyunyiza dawa ya magugu kwenye kinamasi, madume wanakuwa majike na kelele zinaisha. Ni kweli ama ananiuza?

Mama Hatchari (Busia):
WEWE USITHUBUTU. Utaua samaki wako mwenyewe.

Mwalimu wa Bayo (Jinja):
Huyo mtu amesikia nusu ya habari. Kuna dawa inaitwa atrazini, wanaolima mahindi na miwa wanaijua. Mwanasayansi wa Marekani, Tyrone Hayes, alitoa mwaka 2002 utafiti kwamba vyura wa majini waliokulia kwenye maji yenye atrazini kidogo mno, sehemu 0.1 kwa bilioni, baadhi ya madume walitokea na viungo vya pande zote mbili. Mwaka 2010 akatoa mwingine, kwamba karibu dume mmoja kati ya kumi waliolelewa kwenye sehemu 2.5 kwa bilioni aligeuka jike kabisa mpaka akazaa. Maelezo yake ni kwamba dawa inachochea kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Watafiti waliolipwa na kampuni inayoitengeneza walisema hawakuona hayo, wamegombana miaka na miaka, ila Umoja wa Ulaya waliiondoa sokoni kwao na siku hizi kule haitumiki. Mimi kwa upande wangu, ugomvi wa wataalamu uendelee, lakini maji ya kinamasi ndiyo yanayokunywa ng'ombe wako na watoto wanachota humo humo. Tena hata kama ni kweli inafanya kazi hiyo, inafanya kwa ndubwi anayekua, siyo kwa dume mzee anayekupigia kelele leo. Huyo ataendelea tu.

Kwa vile tumefika hapo kwenye dume na jike, Nekesa atalipenda hili: chura wa nchi kavu, yule mwenye ngozi ya vipele, dume ana kijikiungo mbele ya korodani kinaitwa ogani ya Bidder. Ukitoa korodani, hicho kijikiungo kinaweza kukua kikawa ovari yenye mayai. Asiandike kwenye mtihani kama hajaulizwa lakini akiulizwa atawashangaza.

Baba Nekesa:
Amesikia, ameandika kwenye mkono kwa kalamu.

Nauliza la mwisho. Kelele zitaisha lini? Mke wangu ndiye anauliza.

Mzee wa Maabara (Mbale):
Mwambie mama kila dume mmoja mmoja anachoka mapema kuliko kundi. Kulia ni kazi ngumu kuliko karibu kazi zote anazofanya chura, anatumia hewa zaidi ya mara kumi ya akiwa amekaa. Kadiri anavyolia usiku kwa usiku, homoni nyingine inapanda, kotikosteroni, hiyo kazi yake ni kufungulia akiba ya chakula mwilini ili misuli ipate moto. Kuna maelezo yanayokubalika na wengi kwamba mwanzoni hizi zinapanda pamoja, androjeni na kotikosteroni, lakini akiba ikikaribia kwisha kotikosteroni inapita kiwango, inakandamiza androjeni, dume ananyamaza na kuondoka kwenda kula. Akishiba anarudi. Kwa hiyo anayelia leo siyo lazima ndiye wa wiki ijayo, wanapokezana zamu bila kupangiana.

Na wapo wajanja. Dume aliyechoka au mdogo anakaa kimya pembeni ya anayelia vizuri, jike akija kwa sauti ya mwenzake yeye anamkatiza njiani.

Kijana wa Steji:
Hao tunawajua hapa stejini, mwenzako anaita abiria yeye anabeba.

Mwalimu wa Bayo (Jinja):
Kwa wale wa nchi kavu utapata usiku chache za fujo baada ya kila mvua kubwa halafu utulivu. Wale wadogo wa kwenye mafunjo na matete, wale wa rangi rangi, ndio wanaovuta msimu mzima. Tegemea mpaka Mei mwishoni, ikifika Juni kutakauka utalala, halafu mvua za pili wanarudi.

Baba Nekesa:
Nimerudi kuwapa taarifa. Jumamosi tulizungusha mabati bwawa dogo, jana usiku imenyesha tena, asubuhi nimetoa mikufu sita ya mayai nje ya mabati, ndani hakuna hata mmoja. Na nimekamata madume wanne na tochi, gumba ni msasa mtupu kama mwalimu alivyosema, hata jirani nimemshikisha akapapasa, bado anasema ni majike lakini sauti imepungua. Nilitaka kuwapeleka mbali lakini Nekesa amewaweka kwenye ndoo ya maji na mfuniko wenye matundu, anasema nisiwaguse mpaka amalize kuchora.